Hakunipa Pole

Nilitoka Endasak kwa bodaboda mpaka Katesh kumwona mwanasaikolojia aliyepanga chumba karibu na stendi. Alikuwa kijana, akaniamkia shikamoo vizuri. Nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu, kwamba mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Kisha nikasubiri pole yake.

Hakusema pole. Alinitazama tu.

Damu ilinichemka. Hata mpita njia asiyenijua hunipa pole! Nikasimama, nikamuuliza nani amemfundisha kumtazama mtu aliyefiwa kama anayekagua mbuzi mnadani.

“Mwalimu, wengine walikupa pole,” alisema taratibu. “Baada ya pole walikuuliza nini?”

Nikawakumbuka mmoja mmoja. Baada ya pole waliniuliza habari za mvua. Waliuliza mahindi yangu yamefikia wapi, na nitaoa tena lini. Mchungaji, walimu wenzangu, ndugu zangu wa damu, wote hao! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume.

“Wa kike,” nilimfokea yule kijana. “Alikuwa wa kike!”