Kafyu na Jivu la Bibi

Nimehamahama miji mingi, lakini sijawahi kushinda popote kama nilivyoshinda mtaani Kaloleni nikiwa kidato cha pili.

Kwa mpira tuliwapiga jirani zetu wa mtaa wa Bahati tulivyotaka. Kwa Kiingereza, hapana. Kila likizo ya Agosti walikuja kwenye shindano la maneno katika ukumbi wetu, wakatushinda, wakarudi kwao wakiimba. Mwaka nilioteuliwa mimi, niliapa hawataimba.

Kamusi yangu ilianzia herufi C. A na B zilikwisha kwa karanga. Bibi jirani yetu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa akifungia karanga zake za kuuza kwa kurasa za kamusi kuukuu mpaka nilipomwomba zilizobaki.

"Chukua, mjukuu wangu. Lakini usije ukanisemesha Kizungu."

Nikawa nasomea barazani kwake. Kila jioni, kazi ikiisha, alifunika makaa ya moto kwa jivu, asubuhi ayachokore na kuwasha jiko bila kibiriti.

Siku ya shindano tulifika neno la mwisho tukiwa sare. Nikatumbukiza mkono katika mkebe wa maneno, nikatoa karatasi: "curfew". Ukumbi ukacheka. Nani hakuijua kafyu? Wazee waliosimama nyuma waliishi ndani yake enzi za mkoloni.

"Maana yake, na lilikotoka," akasema mwamuzi, mwalimu aliyekuwa na kamusi nzima mezani.

"Ni amri ya kutotoka nje usiku. Limetoka kwa Wafaransa. Kwao lilikuwa 'funika moto'."

"Moto gani?" mzee mmoja akafoka. "Kafyu ni askari na bunduki, binti! Mimi nililala seli kwa hiyo kafyu!"

"Kaloleni, nendeni mkakaange karanga!" Bahati wakapiga mbinja.

Mwamuzi akanitazama kwa huruma. "Utabadilisha jibu?"

Nikamwona Bibi mlangoni, beseni la karanga kichwani.

"Sibadilishi. Nyumba zao zilikuwa za mbao na nyasi. Kengele ya jioni ikilia, kila mtu alifunika moto wake ndipo alale, mji usije ukaungua. Kama afanyavyo Bibi yule pale."

Watu wote wakageuka kumtazama. Mwamuzi akafungua kamusi, kidole kikashuka ukurasani, kikasimama.

"Funika moto," akasoma. "Kaloleni wameshinda."

Sikumbuki nilivyoteremka jukwaani. Namkumbuka mzee wa seli akinishika mkono kwa mikono yake miwili, na Bibi akitua beseni lake na kutikisa kichwa.

"Kumbe miaka yote ile askari walikuwa wakitufukuzia ndani kwa jivu langu!"

Kisha tukawasindikiza Bahati hadi barabarani. Wao kimya, sisi tukiimba, na mzee wa seli ndiye aliyetuongoza.