Siku Baba Alipomlilia Mheshimiwa

Kanisa letu la Thornton Heath, kusini mwa London, lilikuwa ukumbi wa shule ya msingi tuliokodi kwa Jumapili. Tulikalia viti vya plastiki, na ukutani kulikuwa na michoro ya wanafunzi ambayo tulikatazwa kuigusa. Karibu sote tulitoka Kivu, kule Kongo, na karibu kila mtu alisafisha ofisi au alitunza wazee wa watu. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza Bukavu, alisafisha ofisi siku za wiki. Jumapili alikuwa mkalimani wa wahubiri wageni. Akishapanda jukwaani na suti yake ya kijivu hakuna aliyekumbuka ndoo wala fagio, hata yeye mwenyewe.

Wasioyajua makanisa yetu hudhani kazi ya mkalimani ni maneno tu. Wapi! Kwetu mkalimani husimama bega kwa bega na mhubiri, na mhubiri akisema "mimi", naye anasema "mimi". Mhubiri akipaza sauti, anapaza. Akipiga magoti, wanapiga wote wawili. Baba alikuwa fundi wa mambo hayo. Watu walisema ukifumba macho huwezi kujua yupi mgeni na yupi baba yangu.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mimba isiyo na mume. Nikawekwa chini ya nidhamu. Maana yake niliondolewa kwenye kwaya, nikakaa safu ya mwisho karibu na mlango wa choo, sikushiriki Meza ya Bwana, na watu hawakunipa mkono, mpaka wazee wa kanisa waseme basi. Kijana aliyenipa mimba alihamia Manchester akaendelea kupiga gitaa katika kanisa lingine, na hakuna aliyemtafuta. Niliona aibu, aibu ya kweli. Hata kwenye basi nilificha tumbo kwa mkoba. Kitu kimoja tu nilikuwa nakingoja. Kwetu mjukuu wa kwanza hupelekwa mbele ya kanisa mikononi mwa babu yake, akatajwa jina na kuombewa. Nilijiambia, baba akimbeba mwanangu mbele ya watu nitakuwa nimesharudi nyumbani, hata wakiniacha safu ya mwisho maisha yangu yote.

Wakati huo ndipo alipokuja mheshimiwa. Alikuwa mwanasiasa wa kihafidhina kutoka Marekani, jimbo moja la kusini, rafiki wa rafiki wa mchungaji wetu, akipita London kwa safari zake. Alikuja na meno meupe, mke mpole na mpiga picha wake mwenyewe. Alihubiri juu ya familia. Alisema nchi yake inaoza kwa sababu wasichana wanazaa ovyo na serikali inawalea, na kwamba yeye anagombea ili kuyakomesha hayo. Mchungaji alikuwa amemnong'oneza kwamba sisi bado tunawatenga wakosefu wetu, na jambo hilo lilimfurahisha mno. Akasema huo ndio ujasiri walioupoteza kwao. Akanyoosha kidole nyuma, ukutani tu, maana hakunijua. Baba naye akanyoosha chake, na cha baba kilinijua. Ukumbi mzima uligeuka. Nilitazama viatu vyangu, mtoto akacheza tumboni, nikatamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Baada ya ibada mheshimiwa alipiga picha na watoto wetu. Baadaye niliiona picha ile kwenye kompyuta ya maktaba, katika tovuti ya kampeni yake. Chini yake waliandika kwamba ilipigwa Afrika, alikokwenda kuwahudumia yatima. Yatima gani? Mama zao walikuwa wamesimama kando wakiwashikia makoti, na nyuma ya mheshimiwa ilionekana hita ya shule na mchoro wa basi jekundu la London. Ukurasa uo huo uliahidi kwamba akichaguliwa, jimbo lake halitapokea mkimbizi hata mmoja. Na sisi ndio hao wakimbizi, tuliompigia makofi mpaka viganja vikauma! Nilipomwonyesha baba, alijibu kwamba siasa ni siasa, akaniuliza kama nimeshakula.

Mtoto akazaliwa, msichana. Nikaanza kumwuliza baba, lini tutampeleka mbele? Baba akasema tungoje nidhamu iishe. Wazee wakasema toba yangu bado haijatosha. Nilikuwa nimeshatubu mbele yao katika chumba cha walimu, nikajibu maswali ambayo hata mkunga hakuwahi kuniuliza. Sikujua walitaka nitoe nini zaidi.

Halafu mheshimiwa akaumbuka. Msichana aliyefanya kazi ofisini kwake alikuwa amezaa naye, na gazeti la kwao likaandika. Kwanza alikana kwa macho makavu. Mambo yalipomzidi, akajitokeza mbele ya kamera, mkewe kando akimshika mkono huku anatazama kwingine. Akalia. Akasema amekosa, Mungu ameshamsamehe, na kwa ajili ya familia za nchi yake hataacha kugombea. Yule msichana hakumtaja. Mtoto pia hakumtaja.

Nilidhani kanisani watanyamaza kwa kuona haya. Kumbe! Jumapili iliyofuata mchungaji alileta projekta, akasema ndugu yetu ameanguka, tumwinue. Wakatandaza shuka ukutani, wakawasha video ile, na baba akasimama kando ya shuka na suti yake ya kijivu. Kila sentensi mchungaji aliisimamisha picha ili baba atafsiri.

"Mimi nimetenda dhambi," akasema baba. "Nimemukosea bibi yangu. Ninaomba munisamehe."

Sauti yake ilikatika mahali palepale ilipokatika ya Mmarekani. Mheshimiwa alipofuta macho, baba akatoa leso. Machozi ya mheshimiwa siyajui, lakini ya baba yalikuwa ya kweli, niliyaona yakimtiririka katika mwanga wa projekta. Akina mama wakaanza kulia naye. Ukumbi ukasimama, mikono juu, amina juu ya amina, na kabla video haijaisha mtu yule alikuwa ameshasamehewa, wala hana habari nasi.

Mimi nilikaa. Nilimkumbatia binti yangu pale karibu na choo, na kwa mara ya kwanza aibu niliyoisikia haikuwa yangu. Nilimwonea aibu baba yangu. Aibu hiyo ni mbaya kuliko ile nyingine. Yako unaweza kuitubia. Ya mzazi utaifanyia nini? Hata hivyo, watu walipoketi wakipenga kamasi, nilingoja. Nilidhani huenda sasa, huruma ikiwa bado ya moto, watalitaja jina langu. Mchungaji akatangaza matoleo.

Tulirudi kwa basi pamoja, maana nilikuwa bado naishi kwake. Baba alikaa dirishani, mimi kando yake na mtoto mapajani. Nikamwuliza.

"Papa, na miye nikiomba musamaha mu Kiingereza, utanitafsiria?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinijibu kwa upole, kwa sauti yake ya darasani.

"Mwanangu, ule ni mugeni. Aibu yake iko kwake kule. Yako inalala mu nyumba yangu."

Mtoto hakuelewa kwamba tunamzungumzia yeye. Alinyoosha mkono akaishika tai ya babu yake, akacheka. Baba akatazama ndani ya basi, mbele na nyuma, kuona kama kuna mtu wa kanisani. Alikuwepo mama mmoja wa kwaya, mbele karibu na dereva. Basi baba akavibandua vidole vya mjukuu wake kwenye tai, kimoja kimoja, taratibu asimwumize, akageukia dirisha. Nikabonyeza kengele, nikashuka na binti yangu kabla ya kituo chetu.