Mama wa Migebuka Kilimani

Kila asubuhi mama yule muuza migebuka, samaki wa ziwani, hutoka mwaloni Karema, beseni kichwani, akapanda kilima kama mtu anayekwenda kuazima chumvi kwa jirani. Beseni halishiki, mikono yake inasuka ukili wa mkeka njia nzima. Akiwakaribia watu kwa nyuma hukohoa kidogo, kisha husema, “Naomba njia, wanangu.” Mwalimu Sylvanus, anayewakimbiza wanafunzi wake kilimani hapo kuwanoa kwa mbio za wilaya, alikizoea kikohozi kile. Lakini wiki hii nzima hakukisikia. Ijumaa akateremka kutafuta filimbi iliyomdondoka, akamkuta mama amesimama konani, beseni kichwani, mikono imetulia, nzi wamejaa juu ya samaki.

“Shikamoo, mama. Mbona umesimama? Samaki si wataoza?”

“Marahaba, baba. Nangoja mfike juu.”

“Si ungetupita tu?”

Mama akautazama ukili wake. “Wiki iliyopita niliwapita, ukawaadhibu wale watoto kwa kuwarusha kichura.”

Sylvanus akaingia majanini kumpisha. Mama hakusogea.

“Tangulia wewe, mwalimu,” akasema taratibu. “Wasije wakaona nimekupita na wewe.”