Fidla Iliyorudi Si Yetu

"Mama mkubwa, umejuaje?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo Anziza, dada mkubwa wa mama yangu, mwaka 1979, Moroni. Alikuwa ameishika fidla kama mtu aliyeletewa maiti isiyo ya kwao. Alinifukuza ukumbini.

Fidla ya babu ilitoka naye Unguja, na alipofariki ikabaki kabatini kwa Anziza, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mamluki mmoja, mzungu mwenye bastola kiunoni, wa wale walioishika nchi tangu mapinduzi ya mwaka uliotangulia, akasikia habari zake. Eti kwao alikuwa mnunuzi wa fidla kuukuu. Aichukue wiki moja aikague, atuambie thamani yake. Nani angemkatalia? Hadi leo wanapita na magari yao kana kwamba barabara walizaliwa nayo! Alirudi baada ya miezi miwili, akaitupa mezani.

"Ya kiwandani. Kuni tu."

Alipotoka, Anziza akasema, "Si hii."

Mjomba Elamine akacheka. "Wewe? Kazi yako ilikuwa kuifuta vumbi!"

Anziza akaifunga kwa leso, akapanda boti na mama hadi Mutsamudu, kisiwa jirani, kwa Combo, fundi wa milango aliyewahi kuitengeneza ile ya babu. Combo akachungulia ndani kwa tochi.

"Kipande nilichokibandika hakimo. Hii ni ya juzi, bibi. Ile ina miaka zaidi ya mia. Ingekujengea nyumba ya mawe."

"Njoo uyaseme hayo Moroni."

"Mbele ya wale wenye bastola? Nina watoto sita."

Wakarudi bila shahidi. Safari hii mjomba hakucheka. "Nitakwenda kambini kuidai. Wakiniuliza, 'Dada yako alijuaje?' niseme nini?"

Anziza akaitia ile fidla kabatini, akafunga. Mambo yakaishia hapo.

Mwezi uliopita, nina miaka kumi na sita sasa, nilimuuliza tena. Alikuwa akimenya ndizi, na kisu hakikusimama.

"Nilikuwa naipiga. Miaka kumi na miwili, kila Ijumaa wanaume wakiwa msikitini, madirisha nimefunga, nyuzi nimezibana kwa kitambaa. Ile ya babu niliijua kwa shavu, pale ilipoegemea. Ningesema, mtaa mzima ungeniita mhuni. Basi nikalinda jina, mwizi akaondoka na fidla. Yule mzungu hata simuwazi. Ninayetamani kumchapa ni mimi."