Mbwa Mmoja Katika Kiti cha Conleth Hackett

Conleth Hackett hakuwahi kumng'oa mtu jino kwa koleo lililotoka kinywani mwa mbwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, tena na watu ambao meno yao aliyatunza tangu wakiwa shule ya msingi. Inasemwa pia kwamba kila Alhamisi mchana, kliniki ikishafungwa, mbwa walipandishwa kwenye kiti cha wagonjwa, na kwamba Ijumaa asubuhi mlikuwa mnakalia manyoya yao. Kati ya kliniki ya mume wangu na jiko langu kulikuwa na mlango mmoja tu. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona, na mengine niliyaosha kwa mikono yangu.

Con alizaliwa Kilbrack, katika nyumba hii hii. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, na babu yake ndiye aliyewaandikia nusu ya watu wa kata hii kila walipotaka barua iende Dublin ikiwa na maana. Alisomea meno Cork, akarudi, akafungua kliniki kwenye sebule ya mbele. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko ilivyofaa kazi yake, lakini wagonjwa walisema hawakuihisi. Alipenda chai nzito na viazi vya kwanza vya Juni na siagi. Hakucheza kamari. Kwenye uwanja wa mbio za mbwa alikwenda mara moja tu, akakaa akisoma gazeti.

Kilichomwingiza kwenye habari za mbwa ni Sorcha Delahunty, daktari wetu wa mifugo, ambaye siku moja alimwomba aangalie kinywa cha jike mmoja aliyekuwa amestaafu mbio. Mbwa wa mbio hulishwa uji wa nyama ya kusaga na mkate mweusi uliolowekwa, mwaka hadi mwaka, bila kitu kigumu cha kutafuna. Anapomaliza kazi bado ni kijana na miguu yake ni kama ya paa, lakini kinywa kimeoza. Ukoga umejenga ukuta juu ya magego, fizi zinavuja damu, na harufu yake utaisikia kutoka getini. Con alirudi nyumbani jioni ile hajala. Aliniambia kwamba katika nchi yetu mbwa hupapaswa kila mahali kabla ya kununuliwa, isipokuwa mahali anapolia chakula.

Basi akapaka chokaa banda la zamani la farasi, akaweka meza, taa na jiko la kuchemshia vyombo. Vyombo vya mbwa alivinunua vipya na kuvizungushia utepe mwekundu kwenye mipini, na havikuwahi kuvuka uani kuja upande wa nyumba, isipokuwa siku moja nitakayoieleza. Dawa ya usingizi ilikuwa kazi ya Sorcha. Mbwa hawa hawana mafuta mwilini, kwa hiyo dawa huwakaa muda mrefu kuliko mbwa wengine na baridi huwaingia upesi. Kipimo kinachomlaza mbwa wa kondoo kwa amani kinaweza kumlaza huyu moja kwa moja. Mimi nilileta mablanketi na chupa za maji moto. Sikuwa mpenda mbwa, na hata leo sijawa, lakini mnyama akitetemeka mezani mtu hufunika tu.

Sasa kuhusu kile kiti. Ndiyo, mbwa mmoja alilala pale, mara moja.

Ilikuwa Alhamisi ya mvua, mwezi wa Oktoba. Mtu mmoja wa hapa Kilbrack aliingia kwa lango la nyuma, na ndani ya trela la gari lake, chini ya koti lake mwenyewe, kulikuwa na dume jeusi ambalo uso wake ulikuwa umevimba chini ya jicho hadi jicho likafunga. Hakutaka kumtoa mbwa hadi Sorcha alipopanda kumfuata mle mle. Mbwa wa mbio huchorwa herufi masikioni akiwa bado mtoto, naye hufa akiwa nazo. Sorcha akaligeuza sikio, akasoma, akamtazama yule bwana.

"Huyu si ndiye aliye ukutani kule baa?"

"Hapana. Yule yuko Italia."

"Basi amerudi haraka. Wamemchosha na tambi?"

Lazima nieleze habari ya Italia, ingawa wengi mnaikumbuka. Mbwa akimaliza mbio hapa kwetu, akiwa na bahati hupelekwa kwa familia, na familia nyingi ziko Italia, ambako nasikia huwalaza kwenye makochi. Asiye na bahati, watu hawaulizi. Yule bwana alikuwa ametangaza kwamba mbwa wake wote watano wamepata nyumba Milano. Palifanywa karamu ya kuwaaga. Dume jeusi lilipigwa picha likiwa na utepe wa rangi tatu shingoni, na picha ikatundikwa baa juu ya chupa za whiskey. Padri alikuja. Mimi nilikunywa glasi moja ya sherry.

Hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa kwenye banda lake, nyuma ya shehena ya majani makavu, kwa sababu kabla ya safari watu wa Italia walitaka mbwa wakaguliwe afya na wasafishwe meno, naye akaona ni usumbufu, kisha akaona aibu kurudi baa na kusema safari haipo. Gego la yule mweusi lilipoanza kuuma hakuweza kumpeleka kwa daktari, maana mbwa yuko Milano. Akajaribu mwenyewe, kwa koleo la kukatia waya. Kichwa cha jino kilikatika, mizizi ikabaki, na juu ya mizizi jipu.

Mizizi iliyovunjika haitafutwi kwa kubahatisha, panahitajika eksirei. Mashine ya Sorcha ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Ya Con ilikuwa imefungwa ukutani kwa boliti, kando ya kiti. Con alisimama mlangoni kwa muda, mvua ikimpiga mgongoni, kisha akambeba mbwa akapita naye jikoni kwangu. Sorcha alimlaza, picha ikapigwa, na Con akaitoa mizizi kwa vyombo vyenye utepe mwekundu, palepale, kwa kuwa kumbeba tena uani katika baridi ile akiwa usingizini kungemuua. Baadaye alikivua kiti ngozi yake yote na kuichoma uani. Kliniki haikufunguliwa hadi ngozi mpya ilipotoka Clonmel. Wale mnaokumbuka kwamba miadi yenu iliahirishwa wiki ile, sababu ndiyo hiyo.

Mbwa alipoanza kuinua kichwa, yule bwana alikuwa amekaa kwenye ndoo jikoni, kofia mikononi.

"Daktari, mbwa huyu hujamwona."

"Nimemwona hadi kwenye mifupa," Con akasema. "Kuna wengine wanne."

"Wako..."

"Usiniambie wako Italia. Niletee. Wote, na huyu anabaki. Ukiniletea wale, mimi sitamwambia mtu mbwa hawa ni wa nani, wala walikuwa wapi."

"Unaniahidi?"

"Nimeshasema."

Sorcha akaniambia pembeni, "Mama, angekuwa mume wangu ningemwambia adai na shamba."

Wale wanne walikuja Jumapili, wakati wa misa ya pili, barabara ikiwa tupu. Mmoja alikuwa hawezi kutafuna hata mkate. Con aliwahudumia majira yote ya baridi, wa mwisho akibakiwa na meno ya mbele tu, ulimi ukining'inia pembeni kama soksi, akila vizuri kuliko padri. Mwezi wa Aprili Sorcha aliwapeleka wanne hao Italia kwa kweli. Yule mweusi alibaki kwetu, akakalia kochi langu bila kuniuliza.

Uvumi ulianza kabla ya Krismasi, nao ulianzia mdomoni mwa yule yule bwana. Nadhani aliogopa, akaona heri asemwe Con kabla hajasemwa yeye. Alisema ameona kwa macho yake mbwa akiwa kwenye kiti, na hapo hakusema uongo. Mengine aliongezea. Vijana wa mnadani wakawa wanabweka Con akipita. Muuza nyama alimuuliza mbele ya foleni, "Daktari, nikipanua mdomo vizuri, nitapewa biskuti?" Con akamjibu kwamba kwa fizi zake biskuti zingemfaa zilizolowekwa. Foleni ilicheka, lakini mwezi ule muuza nyama alihamia kwa daktari wa Cashel, na nusu ya foleni ikamfuata.

Kilichouma ni shule. Baba yake alikuwa ameiongoza shule ile, na Con alikuwa akiwapima wanafunzi wa pale meno kila mwaka, bila malipo; sasa wazazi wakakataa watoto wao waletwe. Mwalimu Mkuu, Dympna Tuohy, ambaye nilifundisha naye, alikuja mwenyewe kutuona, jambo ambalo namheshimu kwalo. Con alimweleza yote kuhusu eksirei, utepe mwekundu na ngozi iliyochomwa. Alikubali. Alichotaka ni kitu kimoja.

"Niambie mbwa ni wa nani, Con, na kwa nini hakwenda kwa daktari wa mifugo kama mbwa wengine. Wazazi wakisikia upande wa pili, Jumatatu watoto wako hapa."

"Mwenye mbwa aliingia hapa kama unavyoingia wewe, Dympna. Wewe ukija na jino lako, simwambii mtu."

"Mimi si mbwa."

"Ndiyo maana sikukulaza."

Alicheka, akamaliza chai yake, na watoto hawakuja. Mwaka uliofuata Con aliifunga kliniki, mapema kuliko tulivyopanga, akabaki na banda la farasi. Nilimwambia mara moja, mara moja tu, kwamba jina la Hackett lilikuwa linaburuzwa kwa ajili ya mtu asiyestahili. Alinijibu kwamba jina likihitaji avunje neno lake ili lisimame, basi lilikuwa limeshaanguka. Sikubishana naye tena. Mbwa waliopita mikononi mwake miaka ile wako Parma, Bologna, Birmingham, na mmoja yuko kwa masista wa Thurles, ambao humvika sweta.

Con alifariki Februari, moyo, akiwa amekaa. Kwenye mstari wa kutoa pole yule bwana alikuja, akanishika mkono, akasema, "Pole kwa msiba, Bi. Hackett, alikuwa mtu mwema." Nikamwambia asante.

Tangu wakati huo wengine wamenijia, wakiwemo wanangu, wakisema ahadi ilikuwa ya Con na Con hayupo, kwa hiyo mimi niko huru kumtaja. Herufi za sikioni nazijua kwa moyo. Mtu huyo yu hai na kanisani hukaa benchi la mbele. Jina lake silitaji, wala la mbwa, na anayetaka kuliuliza asipoteze mwendo kuja hapa. Nimemaliza.