Mkeka Juu ya Wigo

Kwetu mawifi ni watani, na mtani hakasirikiwi, hasa msibani. Anaweza kukuvua kilemba, kukupaka majivu, kuiga unavyolia, na kazi yako wewe ni kucheka. Anayenuna ndiye anayeaibika.

Wakati ule nilikuwa mnene sana, na tangu nijifungue mtoto wa tatu mkojo haukunisikiliza tena. Nikikohoa, unatoka. Nikipiga chafya, nikiinua ndoo, unatoka. Nilivaa vitenge viwili, cha ndani cha kukinga. Sikumwambia mtu, hata mume wangu, ingawa naye alikuwa na pua.

Baba mkwe alipofariki tulikaa msibani Usevya, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Moshi wa kuni mbichi ulinikaba, nikakohoa mpaka nikainama. Nilipoinuka kupokea wageni, niliacha doa kwenye mkeka, pana kama ungo.

Dada wa mume wangu ndiye aliyeliona. Aliubeba mkeka, akautundika juu ya wigo, mahali ambapo hata wanaume chini ya turubai waliuona.

“Jamani nyie wakulima wa mpunga! Mvua imeanzia kwa wifi yangu! Leteni majembe!”

Walicheka wote, hata katekista. Nami nilicheka mpaka taya zikauma, na katika kucheka huko ukatoka tena.

Baada ya hapo sikutulia popote. Nilianza kuuza vitenge, leo Mishamo, kesho Mpanda mjini, mara nyingine kwenye treni ya Kaliua, nikikaa karibu na choo. Ndoa ikafa polepole bila ugomvi. Usiku niliikumbuka Usevya, harufu ya wali wa mpunga mpya, vyura wakipiga kelele majarubani. Kisha unakuja ule wigo, na usingizi unakwisha.

Daktari mmoja ndiye aliyenieleza. “Mama, uzito huu unakandamiza kibofu. Ukipungua, mkojo nao utapungua. Siwezi kukuahidi utaisha, lakini wengi hupata nafuu.” Nilijinyima chakula, nikapungua, nikanenepa tena. Mwishowe kaka yangu akauza ng'ombe, nikaenda Dar es Salaam kukatwa tumbo la chakula libaki dogo. Nilitapika sana miezi ya mwanzo. Ngozi ya mikono ikaning'inia kama shati la kuazima. Lakini siku moja nilikohoa sokoni, nikasubiri, na chini kulikuwa kukavu. Sikumshukuru Mungu kwanza. Nilimfikiria wifi yangu.

Mwaka jana mama mkwe alifariki. Nilipanda basi la kwanza. Nilimpenda yule mama, na nilimlilia kweli. Nilipomaliza kulia nikaenda kukaa mkekani, jirani na wifi.

“Hee! Wewe ndiye wifi yangu mnene?” Alinigeuza kama anayenunua mbuzi. Kisha akawageukia wenzake. “Jamani, huu ni ule ugonjwa au ni njaa ya mjini?”

Wakacheka. Nami nikacheka.

Mchana, baada ya ugali, akasinzia palepale, mdomo wazi. Wenzake walikuwa wakiosha vyombo. Nilichukua jagi la maji ya kunawa, nikayamwaga polepole chini ya makalio yake mpaka kitenge kikanywa. Alipozinduka akaruka kando, nami nikauvuta mkeka. Niliutundika juu ya wigo ule ule.

“Jamani wakulima! Masika hayo! Safari hii yameanzia kwa mwenyewe!”

Walicheka kwa nguvu kuliko zamani. Yeye akasimama, kitenge kimegandamana na mapaja, akizunguka kutafuta wa kumwamini.

“Ni maji tu! Huyu kanimwagia maji!”

“Hata mimi yalikuwa maji tu, wifi,” nikamwambia.

Akanisogelea, macho yamejaa machozi. “Wifi, hata kama ni utani…”

“Mtani hakasirikiwi. Cheka.”

Akacheka. Ninakijua kicheko kile, nimeishi nacho miaka mingi. Huanzia kwenye meno na hakifiki popote.

Nikaondoka kwa bodaboda kabla ya jua kushuka. Kila nikikumbuka, nilicheka mgongoni mwa yule dereva, na kwenye shimo moja kubwa, kabla hatujafika mbali, nikahisi tone. Tone moja tu, daktari alishaniambia. Niligeuka nyuma. Mkeka ulikuwa bado juu ya wigo, na hakuna aliyeuanua.