Mgomba Kaburini

Mama mkwe wa mgonjwa wetu alituchungulia kwenye uwazi wa turubai la wodi ya kambi ya wakimbizi: mkwewe kalala hajitambui, mimi namkandamiza kifua, daktari kashika kisu. Moyo wa yule dada ulikuwa umesimama ghafla, mimba imetimia. Bibi hakuuliza. Kwao, kama kwetu Bukiriro, Ngara, mjamzito akifa hazikwi na mtoto tumboni, hutenganishwa kwanza. Akaenda zake kuwaambia wanaume wachimbe kaburi.

Kumbe sisi tulimpasua ili aishi. Mtoto akitoka, daktari alisema, damu itapata njia ya kurudi moyoni. Hapakuwa na muda wa kumhamisha kitanda. Nilikuwa na hasira na kila kitu mchana ule: joto la turubai, vita vilivyowaleta, mikono yangu iliyoanza kuchoka.

Mtoto akatoka wa kijivu, kimya. Muuguzi mwenzangu alimpa hewa mpaka akalia. Mimi sikugeuka, niliendelea kukandamiza, hadi daktari akanishika bega.

"Subiri, dada."

Vidole vyake vilikuwa shingoni mwa mama. Mshipa ulikuwa unapiga. Nililia bila aibu, nikamsaidia daktari kushona.

Nje, bibi alikuwa ameketi chini anaomboleza.

"Shikamoo bibi. Mkweo yu hai."

"Usinidanganye, mwanangu. Nimeona mkimtenganisha."

Alikataa hata kumpokea mjukuu. Nikamshika mkono, nikampeleka ndani, nikaweka kiganja chake kwenye kifua cha mkwewe. Hakukiondoa mpaka jioni.

Shida ikabaki shimo. Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litaita mtu. Daktari alicheka, mimi mtu wa Ngara ningechekaje? Wanaume wakaomba mgomba kwa wenyeji, wakauviringisha kitenge cha mgonjwa, wakauzika. Bibi akaulilia kwa jina la mkwewe.

Siku ya kuruhusiwa, yule dada aliniomba nimpeleke akaone. Tulikwenda polepole, bibi nyuma yetu na mtoto mgongoni. Aliliangalia lile tuta la udongo, lisilo tofauti na mengine.

"Walinililia?"

"Bibi alilia mpaka sauti ikamkauka."

Aliinama, akaugusa ule udongo.

"Mama yangu mzazi tulimwacha njiani tukikimbia. Hakupata hata mgomba."

Kisha akaketi taratibu kando ya kaburi lake mwenyewe, akamlilia mama yake.